Kijana wangu alimwambia tate yake: "Ulikuwa unajicheka mwenyewe"

BARUA

Yaya, salamu kutoka Bagira, hapa kwetu Bukavu. Sijue kama hii ni shida ya kukuandikia, juu wengine wanakuletea mambo ya ndoa na magonjwa na mimi yangu ni ya filamu. Lakini imeingia mu nyumba yangu sawa moshi na haitoki.

Niko mama wa watoto watatu, miaka 43, ninafundisha primeri. Tangu mama yangu atuache, inaenda miaka miwili sasa, papa anakaa kwangu. Eko na miaka 73. Akiwa kijana, wakati wa Zaire, alifanya kazi mu sali moja ya sinema, hakuwa yeye wa kuendesha mashine, alikuwa anabeba bobine na kufagia watu wakishatoka, na kazi ile hajaisahau hata siku moja. Baadaye akapata kazi ingine, akanunua videyo, akaanza kukusanya kaseti zile kubwa za VHS, zikafika karibu sitini. Mwaka 1996 vita vilipoingia mu mji tukakimbia, tuliacha friji, tuliacha magodoro, lakini kaseti kumi na tatu mama alizifunga mu kitenge akaziweka kichwani juu ya sufuria. Njo hizo zimebaki mpaka leo.

Hapa kwangu ilikuwa imekuwa desturi, jumamosi umeme ukiwepo, tukimaliza bugali na sambaza papa anachagua kaseti moja. Mashine ni ya zamani, inapiga kelele, picha inaruka, lakini tunakaa wote tunaangalia.

Jumamosi ile akachagua "Les dieux sont tombés sur la tête". Kwa asiyeijua, ni ile ya 1980, mtu mmoja wa jangwa la Kalahari, watu wake wanaokota chupa ya Coca-Cola iliyotupwa kutoka mu ndege, wanaanza kuigombania mpaka wanapigana, basi anaamua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Mimi niliiona nikiwa na miaka saba hivi, nimeegemea magoti ya mama, na mama alikuwa anacheka mpaka anajipanguza machozi.

Papa alicheka tena. Katoto kangu ka mwisho, ka miaka 8, kakacheka mpaka kakaanguka chini. Ila kijana wangu mkubwa, eko na miaka 20, anasoma iniversite, alikuwa kimya na simu mu mkono, na kabla haijafika nusu akasimama mbele ya tele akaanza kutusomea. Kwamba iliyotengeneza filamu ni mikono ya mzungu wa Afrika Kusini wakati wa makaburu. Kwamba yule mwigizaji alilipwa pesa ya aibu. Kwamba watu wake walionyeshwa sawa hawajui dunia na haikuwa kweli. Halafu akamgeukia papa akamwambia, "Tate, miaka yote hii ulikuwa unajicheka mwenyewe."

Papa hakujibu kitu. Akazima tele, akatoa kaseti, akairudisha mu boksi yake polepole sana, akaenda kulala. Asubuhi nikakuta kartoni yote mbele ya mlango wa chumba changu, na neno moja tu akaniambia: "Uzichome." Leo ni wiki ya tatu. Anakulia mu chumba. Jumamosi tunakula kila mtu anapotea.

Kijana nikimwambia aombe msamaha ananiuliza, "Mama, uongo nimesema wapi?" na mimi sina jibu, juu nilienda kutafuta na mengi ni kweli. Bwana yangu anasema niwaache, wataelewana wenyewe. Dada yangu wa Goma anasema mtoto wa namna hiyo apigishwe magoti. Kaseti sikuchoma, ziko chini ya kitanda changu.

Nikuambie na siri. Usiku mmoja wote wamelala niliiweka tena, sauti chini kabisa. Pale nilikuwa ninachekea zamani sikucheka. Niliona yale kijana alisema. Halafu ikafika sehemu ya ile gari ya kukosa freni, nikasikia kicheko cha mama mu masikio yangu, nikalia, na sijue nilikuwa ninalilia nini. Nikisimama na kijana nimemtupa papa. Nikisimama na papa ninamfundisha mtoto kwamba ukweli unasemwa mbali na wakubwa tu. Nifanye nini, Yaya?

Mama wa Bagira

JIBU LA YAYA

Mdogo wangu, aksanti kwa kuniamini. Na kwanza ondoa ile hofu ya mwanzo wa barua, eti hii haiko shida ya kweli. Nyumba ambayo mzee anakulia mu chumba wiki tatu iko na shida ya kweli, hata kama ilianzia ku kaseti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikikuelewa vizuri, unasema uko katikati ya watu wawili unaowapenda, mmoja amesema ukweli kwa namna iliyoumiza, mwingine ameumia na amefunga mlango, na wewe unatafuta nani mwenye haki ili ujue usimame wapi. Lakini kuna sentensi ulipita juu yake haraka haraka, nikairudia. Ulisema mu 1996 ni mama aliyebeba zile kaseti kichwani. Papa njo alizinunua, ila aliyeziokoa ni marehemu. Sasa nikuulize: kijana wako anaijua habari hiyo? Alizaliwa ikiwa imepita. Kwake yeye pale mbele ya tele kulikuwa na filamu moja mbaya ya makaburu. Kwa papa yako kulikuwa na kichwa cha mke wake na kitenge, njia ya kukimbia, na jumamosi zote walizocheka pamoja. Kijana alipiga filamu, lakini iliyopigwa haikuwa filamu peke yake. Sisemi hivyo kumtetea mmoja, ninasema tu kwamba huenda wale wawili hawakuwa wanaangalia kitu kimoja.

Na hapo njo ninataka tukae kidogo, juu wewe mwenyewe umekubali neno la kijana bila kuliuliza. "Ulikuwa unajicheka mwenyewe." Ni kweli? Kuna mtu amemuuliza mzee alikuwa anacheka nini?

Mimi filamu ile ninaijua. Kuna yule mzungu mtafiti wa wanyama, akikaribia mwanamke tu anaanguka, anamwaga vitu, anavunja vitu. Kuna ile Land Rover yake, ile waliipa jina la Mpinga Kristo, haina freni, ikizimika haiwaki tena, mpaka kamba yake yenyewe inaivuta juu ya mti inabaki inaning'inia. Weka sasa filamu hiyo mbele ya watu wa Bukavu wa miaka ya themanini, wenye barabara zile unazozijua na magari ya kusukuma mu mteremko. Wewe mwenyewe umeniambia, kicheko cha mama yako ulikisikia ku gari. Hukukisikia ku chupa. Huenda papa yako, kijana aliyefagia sali ya sinema, maisha yake yote aliona ku ekrani mzungu anayejua kila kitu, na hapa kwa mara moja akaona mzungu asiyeweza kufungua geti bila kuanguka, na mtu mweusi wa jangwani mwenye akili zake timamu anayewashangaa wote. Kama njo alichokuwa anacheka, basi hakuwa anajicheka. Lakini na mimi ninakisia tu, mwenye jibu eko mu chumba anakula peke yake.

Hata hivyo siwezi kumpunguzia kijana wako haki yake, juu kile alichosoma ku simu kina uzito. Yule mwigizaji anaitwa N!xau, alikuwa wa Wasan wa Namibia, na wakati filamu inatoka 1980 Namibia ilikuwa bado mu mikono ya Afrika Kusini, uhuru wao ulikuja 1990. Sauti ya msimulizi inatuambia watu wale wanaishi peke yao wala hawajui kuna dunia ingine. Kumbe wengi wa Wasan wa upande ule, kule Tsumkwe, walikuwa tayari wanakaa ku senta ya serikali, wanakula unga wa posho, na vijana wao wanaingizwa mu jeshi la hao hao makaburu. Na wapiganaji wa msituni ndani ya filamu wameonyeshwa sawa watu wa kuchekwa tu, wakati mu miaka ile ile watu wa kweli walikuwa wanapigania uhuru wao pale pale jirani. Mtoto wa miaka 20, wa mji kama Bukavu, ambaye amekua akiona namna wageni wanakuja kupiga picha za watu wetu na kuondoka nazo, akikasirika mbele ya hiyo, mimi siwezi kumwambia hasira yako ni ujinga. Ningeshangaa asipokasirika.

Ila na yeye hadithi hajaimaliza. N!xau aliirudia kazi ile, filamu ya pili ilitoka 1989, na safari hiyo alidai malipo makubwa zaidi, akajenga nyumba ya matofali kwa ajili ya familia. Alikufa 2003. Kwa hiyo hata yeye hakubaki tu yule mtu wa chupa. Mimi ninapenda sana kijana wako ajue hiyo, juu ukimhurumia mtu mpaka unasahau kwamba naye alikuwa na akili ya kudai haki yake, umemuondolea kitu kingine tena.

Unajua, sisi hapa tuna historia ndefu ya kuonyeshwa filamu zilizotengenezwa na wengine. Wakati wa Mbelgiji mapadri walipiga filamu zao wenyewe kwa ajili ya Wakongomani, kulikuwa na wale wawili Matamata na Pilipili, waliopigwa na padri mmoja Mbelgiji kule Kasai mu miaka ya hamsini. Nia ilikuwa kufundisha watu tabia njema. Lakini watu waliokaa ku benchi usiku walikuwa na macho yao. Mafunzo ya padri wengine waliyasahau kabla ya kufika nyumbani, majina ya wale wachekeshaji wakabaki nayo. Ninakuambia hivi juu mtengenezaji anaweza kuwa na nia yake, mbaya ama nzuri, na mtu wa ku kiti akachukua kitu kingine kabisa. Hiyo haimsafishi mtengenezaji. Inamuacha tu papa yako na utu wake, kwamba hakuwa mjinga aliyedanganywa miaka arobaini.

Niruhusu nikuelezee kitu cha kwetu. Siku moja tuliwawekea watoto filamu ya Charlie Chaplin, ile ya 1925 ya watu wanaotafuta dhahabu mu barafu, pale ambapo njaa inamshika anapika kiatu chake anakikula, na kamba za kiatu anazizungusha ku kanya sawa makaroni. Watoto walicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Koko wangu, aliyeshazikwa sasa, hakucheka. Aliangalia mpaka mwisho akasema, "Yule mtu eko na njaa kabisa." Nikamwambia koko, ni mchezo, kile kiatu walikitengeneza na pipi nyeusi. Akaniambia anajua ni mchezo, lakini mtu anayekula namna ile anamjua. Sali ilikuwa moja, filamu moja, kizazi kimoja kikaona mchezo na kingine kikaona mwaka fulani wa maisha yake. Hakuna aliyemwambia mwingine amekosea, na ninashukuru, juu baadaye watoto njo walimfuata wakamuuliza ni njaa ya wakati gani.

Sasa tuje ku maswali yako.

Kumpigisha kijana magoti, sawa anavyosema dada yako. Inawezekana, na kwa mila zetu heshima ya tate si kitu cha kuchezea, hata mimi neno lile mbele ya wadogo zake limenichoma. Lakini angalia hatari yake. Ataomba msamaha kwa mdomo, mzee atajua ni kwa mdomo, na kijana atajifunza kile unachokiogopa. Pengine kuna kitu kidogo anaweza kukiombea msamaha kwa moyo wake wote bila kukana hata jambo moja alilolisoma, nacho ni lile neno la mwisho. Habari za makaburu alizisoma, lakini kilichokuwa mu roho ya tate yake hakukisoma popote. Hapo alikisia. Ukimuonyesha tofauti hiyo, huenda akaiona mwenyewe, juu anaonekana mtoto anayependa ukweli, na mtu wa hivyo unaweza kumfikia kupitia ukweli huo huo.

Kusimama na papa, ama kusimama na mtoto. Hapa ninakuuliza kwa upole, mdogo wangu, nani amekuambia lazima usimame upande? Wewe njo mtu pekee mu nyumba ile ambaye amekuwa pande zote mbili. Umeicheka ukiwa na miaka saba ku magoti ya mama, na umeiangalia usiku peke yako ukakosa kucheka, halafu ukalia. Hawajui hiyo, umewaficha wote. Ninajiuliza ingekuwaje ukiwaelezea ule usiku, kwanza papa peke yake, siku ingine kijana. Hatari iko: papa anaweza kusikia "hata wewe umeniacha", hasa ukianza na pale hukucheka. Ningekuwa mimi ningeanza na kicheko cha mama. Lakini unamjua papa yako kunishinda.

Bwana yako anasema waache, wataelewana. Kuna familia muda unawaponya kweli. Mimi kinachonipa wasiwasi ni miaka 73, na kwamba ukimya umeshakuwa desturi mpya, jumamosi ya kila mtu kupotea inazoeleka haraka kuliko tunavyofikiri.

Wazo lingine, labda umeshaliwaza, ni kurudisha jumamosi kwa filamu ingine. Kuna "La Vie est belle" ya 1987, na hii ni yetu, mmoja wa walioiongoza, Mweze Ngangura, alizaliwa hapa hapa Bukavu, akaitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, na ndani yake Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta muziki. Kwa mzee ni Zaire ya ujana wake, nguo zile, baa zile. Kwa kijana ni Papa Wemba ambaye amekufa mu 2016, akiwa jukwaani. Lakini usiifanye dawa ya kufunika kidonda, juu hata humo kuna mambo yatamfanya kijana asimame tena. Kuna tajiri mwenye mke anayeoa msichana wa pili juu mganga amemuambia, na watu wa umri wa papa wanacheka sana hapo, na mtoto wako wa kike siku moja atakuuliza wanacheka nini. Filamu ya kutomuumiza mtu yeyote wa kizazi chochote mimi bado sijaiona. Kama mtairudisha jumamosi, pengine kitu cha kubadilisha ni baada ya filamu, mzee akapewa nafasi aelezee alivyoiona mara ya kwanza, sali ilikuwaje, watu walipiga kelele wapi, nani alibeba bobine. Na kijana aseme ya kwake bila kusimama mbele ya tele. Inaweza kushindikana, papa anaweza kuona mmemuweka mbele ya tribinali. Basi msilazimishe, mwacheni aanze siku atakayotaka.

Na yule wa miaka 8 tusimsahau. Alicheka, akaona kicheko kinazimwa, akaona tate anaondoka. Huyo hajui habari ya makaburu wala ya 1996. Ninaogopa amebaki akifikiri kucheka kwake njo kulileta matata. Muulize, hata leo jioni ukimuogesha.

Kuhusu zile kaseti, kitu kimoja cha mikono. Chini ya kitanda kwetu na mvua hizi ni pabaya, unyevu unaingia na utepe unaota ukungu mweupe, na ukiingiza kaseti yenye ukungu mu mashine unaichafua nayo na kaseti zingine zote. Ziweke juu ya kabati, zisimame wima, mbali na jua. Ukipata fundi wa kuaminika ahamishe zile muhimu ku flashi, hata moja moja kadiri ya mfuko, na ukae naye pale akizifanya.

Lakini kabla ya fundi, mu barua yako yote sikuona mahali umemuambia papa yako kwamba hukuzichoma. Wiki tatu huyu mzee anakula peke yake akijua zimekuwa majivu, na zile mama alizibeba kichwani nazo zimeungua kwa neno lake mwenyewe. Gonga mlango usiku huu, mpelekee chai, umuambie ziko zote kumi na tatu.

Halafu unirudishie habari, tafadhali. Mimi nami ninataka kujua alikuwa anacheka nini.

Yaya